Kikombe Alichokiacha Nunu

Baba yangu, Marhoon, alikuwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza. Alizaliwa Tabora kwa wazazi Waarabu wa Maskati, akapigana Burma, na vita vilipokwisha hakurudi kwao. Aliwafuata wenzake wa kikosi mpaka Nyasa, akapata ardhi Nkhotakota, akalima mpunga na tumbaku, akafungua duka la chumvi na vitambaa. Hayo alituhadithia mpaka tukachoka. Hakutuhadithia kwamba alioa huko na kupata binti.

Binti huyo ni Nunu, dada yangu. Nilimjua mwaka 1997, nikiwa na miaka ishirini na miwili, alipotufikia Al Khuwair, Maskati, na sanduku moja na ruhusa ya kukaa mwezi mmoja. Mama yake amefariki, hana mtu tena kule. Ili abaki Maskati ilitakiwa barua ya Sheikh wa kabila letu, athibitishe kwamba ni mtoto wa Marhoon.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mwaka 1974, baba alipohamia Maskati na kuomba karatasi zake za uraia, Sheikh Musallam alimwuliza ana watoto wangapi. Baba akajibu hana. Aliogopa akimtaja mtoto wa Nyasa watamchimba zaidi na karatasi zitachelewa. Alisema atamwongeza baadaye, na baadaye hiyo ikawa miaka ishirini na mitatu. Niliposikia nilimkasirikia hata nikashindwa kula naye meza moja.

Ruhusa ya Nunu ilikuwa inakwisha Jumamosi. Jumatano alasiri niliwatia garini kwenda kwa Sheikh, Matrah. Njiani baba alimfundisha Nunu ada ya huku.

"Mgeni mwenye haja hanywi kahawa," alisema. "Anakiweka kikombe chini. Mwenyeji atamwuliza, naye ataitaja. Ukinywa kwanza, basi umekuja kuamkia tu, umeshamaliza. Leo mimi sinywi."

"Kweli, baba?" Nunu akauliza.

"Wallahi sinywi."

Wanaume walikaa barazani, sisi tukaingia chumba cha pili kwa Bi Wadha, mke wa Sheikh, aliyekulia Unguja. Mlango kati yetu ulikuwa wazi, na mimi nilijibanza pale ninapomwona baba. Sheikh mwenyewe alimmiminia, akampa kwa mkono wa kulia. Baba alikipokea. Alikitazama kile kikombe kidogo, kisha akanywa. Akaongezwa, akanywa. Cha tatu akanywa, kisha akakitikisa, yaani basi, nimetosheka.

Nilitamani kupiga kelele. Mzee aliyetuchosha kwa mizinga ya Burma ameshindwa na mafunda matatu ya kahawa! Sasa anazungumzia mvua na afya, na Sheikh anamwitikia. Niligeuka kumtazama Nunu. Alikuwa ameona yote. Kikombe alichomiminiwa na Bi Wadha kilikuwa bado kimejaa, na taratibu akakishusha kwenye mkeka.

"Kunywa, mwanangu, itapoa," Bi Wadha alimwambia.

"Nina haja, mama."

Bi Wadha aliacha kumenya chungwa. "Haja gani?"

"Nataka baba anitaje jina mbele ya Sheikh."

Bi Wadha alimtazama usoni, kisha akanitazama mimi, na nadhani alituona tulivyofanana. Akakichukua kikombe, akaenda nacho mpaka mlangoni.

"Baba Murshid," alimwita mumewe, "nna kikombe hapa hakijanywewa."

"Cha nani?" Sheikh akauliza.

Bi Wadha alimtazama baba tu. Mazungumzo ya mvua yalikatika. Niliona jasho likimtoka baba chini ya kofia, na kwa mara ya kwanza tangu Nunu aje nilimwonea huruma. Nilihisi hatasema. Atasema ni cha mgeni.

"Cha binti yangu," baba akasema. "Nunu binti Marhoon. Nimemzaa Nyasa. Nilikudanganya mwaka ule, Sheikh."

Sheikh alipangusa dole gumba, alilotilia saini zake zote.

"Nilikutolea ushahidi kwa Mungu na serikali, Marhoon."

"Naam."

"Na leo umekunywa kahawa yangu vikombe vitatu. Wewe huna haja kwangu." Akamgeukia mkewe. "Huyo anayo. Mwambie anywe, na Jumamosi asubuhi aje kuchukua barua yake."

Nunu alikunywa yote, mpaka masimbi, yale mashapo ya chini.

Tukirudi, baba alikaa mbele kando yangu. Tulipofika Ruwi aligeuka nyuma.

"Nimekutaja, Nunu."

"Ndiyo, baba," alijibu, macho yake yako barabarani. "Lakini kahawa ilikuwa imeshapoa."