Kumtafutia Mama Projekta

Nimeishi katika nyumba ile tangu nizaliwe, miaka hamsini na kitu, na sikujua kwamba sebule yetu ina upana wa hatua nne tu. Nilijua siku nilipokwenda na utepe wa cherehani kuupima ukuta, nikabaki nimesimama na utepe mkononi, nimeduwaa. Urefu upo, tena mwingi, mabinti wa mdogo wangu wanakimbizana humo wakija. Upana ndio hakuna. Fundi aliyekuja kuziba paa akaniambia nyumba zote kongwe za mjini ziko hivyo, kwa sababu dari zimebebwa na boriti za mikoko, na chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti yake. Miaka yote hiyo nalala na kuamka ndani ya urefu wa mkoko, na hakuna aliyeniambia!

Nilikuwa napima kwa sababu ya mama. Baba alipofariki, mama alikaa eda chumbani kwake, miezi minne na siku kumi, kama inavyotakiwa. Siku zilipotimia tulimwogesha, tukamvisha nguo mpya, tukafukiza udi, jamaa wakaja wakala wakaondoka. Asubuhi yake nikamwandalia chai sebuleni. Hakuja. Nikadhani amechoka. Mchana hakuja, na usiku hakuja. Eda imekwisha na mwenye eda hakutoka! Sikupata kusikia jambo kama hilo. Mwezi ukapita, ikawa miwili, ukafika wa saba. Anasali, anakula, anaitikia salamu, lakini mlango wa chumba chake havuki ila kwenda msalani.

Mdogo wangu, anayekaa Mtoni na mkewe na mabinti zake wawili, alisema tumwache, huzuni ina siku zake. Mimi sikuweza. Niliolewa zamani nikaachika upesi nikarudi kwetu, sikujaaliwa mtoto, na nyumba nzima ni mimi na mama. Kila nikipita mlangoni nikamwona amekaa kitandani na tasbihi, macho yako ukutani, roho inaniuma. Nilitaka mama yangu atoke. Hilo tu ndilo nililolitaka.

Sasa, enzi za baba, yeye na mama hawakukosa filamu ya Kihindi kwenye televisheni. Walikuwa hawajui Kihindi hata neno moja na walilia pamoja na wahusika mpaka mwisho. Macho ya mama siku hizi yana ukungu, televisheni anaiona mwanga tu. Nikajisemea, picha ikiwa kubwa, ukuta mzima, ataiona, na akiiona atatoka. Basi nikashuka Darajani, kwenye maduka.

Mimi nina sifa ya kujua kununua. Birika tu naweza kulirudia dukani mara tatu kabla sijalichukua. Muuzaji wa kwanza, kijana mpole, aliniuliza, "Bi, unataka kuangalilia wapi?" Nikaona maswali gani haya. Nikamwambia sebuleni, juu ya paa siku za joto, na uani kwa ndugu yangu Mtoni siku za sikukuu. Nipe kubwa. Akasema, "Ukubwa wa boksi siyo ukubwa wa picha. Chumba chako kina giza? Ukuta uko mbali gani na mashine?" Nikamwona mwongo anayenipotezea wakati. Nikahamia duka la mbele, ambako hakuna aliyeniuliza kitu, nikatoka na projekta yenye namba kubwa ya mwangaza, imeandikwa kwa rangi ya dhahabu ubavuni mwa boksi.

Nikaipandisha paani alasiri ile ile. Nikaiwasha. Hakuna kitu. Nikadhani mbovu, nikaisogeza, nikaipigapiga, nikaja kugundua kwamba inawaka, ila jua limeimeza. Nikangoja mpaka magharibi. Uso wa mtu ukatokea ukutani, umepauka kama uji wa mgonjwa. Nilipigwa na butwaa. Namba ya dhahabu, mbele ya macho ya watu, kumbe uongo mtupu! Mtu anawezaje kuandika uongo mkubwa kiasi hicho na kuutia rangi? Kesho yake nilikwenda kuirudisha, na waliokuwapo Darajani siku hiyo walinisikia.

Nikarudi kwa yule kijana mpole, kichwa chini. Hakunicheka. Alinifundisha kwamba mwangaza wa kweli haufuati maandishi ya boksi, lazima uwashe uone, na akafunga mlango wa duka akaniwashia tatu, moja moja. Chumba cha giza hakihitaji nguvu nyingi. Paani na uani kunahitaji nguvu, na lazima ungoje jua lizame. Kwa sebule yetu nyembamba alinitafutia ile inayokaa karibu na ukuta na bado ikatoa picha pana. Nilipokwisha kuchagua akaniuliza, "Na ukuta?" Nikamwambia ukuta wetu mweupe. Akatabasamu, akasema, "Haya, Bi. Utaniambia."

Nilianza chumbani kwa mama, kwa kuwa hatoki. Nikaielekeza darini, ili aangalie amelala. Lo! Boriti zikaikata picha vipande vipande, pua ya mwanamke iko huku na mdomo wake uko kule chini. Mama aliangalia kidogo, akasema, "Masikini, kapatwa na nini huyu?" Akajifunika kanga, akageukia upande wa pili.

Nikahamia sebuleni. Ukuta ni mweupe kweli, lakini chokaa ya zamani imevimba kwa chumvi, na sikuwahi kuona kama umevimba kiasi kile. Bwana harusi wa filamu akiwa kulia ni mwembamba, akija kati anaota kitambi. Nilitaka kitambaa cheupe, kipana, cha kunyoosha mbele ya ukuta. Nikatoa mashuka yote ya nyumba. Hakuna hata moja lisilo na maua. Nilikasirika na maua yale kana kwamba yalishonwa kunikomoa.

Ndipo nikafanya nililolifanya. Mama alipokwenda msalani, niliingia chumbani kwake, nikafungua kasha lake. Sikuomba ruhusa, kwa sababu nilijua atakataa, na mimi tabia yangu ni kutenda kwanza. Chini ya nguo zake nikakuta mfuko, na ndani yake bafta nyeupe, mpya, haijakatwa, imekunjwa vizuri, inanukia udi kama kila kitu cha mama. Nikafurahi kama aliyeokota. Nikaipiga pasi. Nikaunga mapana mawili kwa sindano ya mkono, na Jumapili nikaipigilia misumari ukutani, nane, na nyundo ya baba.

Mdogo wangu aliniletea mabinti zake alasiri, akaenda zake. Nikafunga madirisha ya mbao, yale mazito, na sebule ikawa giza wakati nje bado kuna jua kali. Mabinti wakakaa mkekani na bakuli la bisi. Nikawasha. Picha ikatoka safi, imenyooka, rangi zinawaka, harusi, ngoma, watu mia wanacheza. Mabinti wakapiga makofi. Nikaongeza sauti makusudi, ipite mlango wa mama.

Mlango ukafunguka.

Alisimama kizingitini, kanga kichwani na kanga kiunoni, mkono umeshika ukuta. Mama yangu katoka! Nilitaka kupiga vigelegele. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, kweli projekta imefanya kazi yake. Nikakurupuka kumpa kiti. Hakukitazama kiti, wala hakuitazama harusi. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye pembe ya kitambaa, akaipapasa pale penye msumari.

"Nani alofungua kasha langu?"

"Mie, mama. Nlitaka kitambaa cheupe tu."

"Unakijua kitambaa hicho?"

"Bafta, mama."

"Bafta ya nini?"

Nikajua. Hakuhitaji kuniambia. Bafta nyeupe, haijakatwa, chini ya nguo, ndani ya kasha la mwanamke mzima. Nani asiyejua? Mtoto mdogo wa Ng'ambo angejua. Nikashika stuli ya projekta, picha ikayumba. Nikazima sauti, lakini nikasahau kuizima picha, na yule bwana harusi akaendelea kukata kiuno kimya kimya juu ya sanda. Nimetundika sanda ya mama yangu ukutani. Nimeipiga misumari. Nimewaita watoto waje wale bisi mbele yake. Lahaula!

"Nisamehe, mama," nikasema, na machozi yanatoka. "Wallahi sikujua. Sanda yako, mama, nimeitoboa."

"Si yangu," akasema.

Nilimtazama. Nilidhani akili imempotea kwa hasira.

"Yangu iko kwenye mfuko wa pili, chini zaidi. Hukufika. Hiyo yako."

"Yangu?"

"Nlipokwenda Umra na baba yako nlileta tatu. Nkazitosa maji ya zamzam, nkazianika. Yake keshakwenda nayo. Yangu ipo. Hiyo ndo yako."

Sijui nilikaa vipi. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimekaa chini, juu ya mkeka, baina ya mabinti. Binti mkubwa alikuwa ameacha kutafuna. Nikauliza swali la kijinga, kwa kuwa akili haikunipa jingine. "Na mdogo wangu je?"

"Mdogo wako ana mke, ana watoto. Hatokosa wa kumnunulia." Alisema polepole, bila ukali, na hilo ndilo lililonimaliza. "Wewe una nani? Miezi yote hii nimo mle ndani nafikiri hilo. Baba yako kaondoka, sasa zamu yangu. Nikiondoka mie, mwanangu anabaki na nani? Nani atamfunika? Nkajisemea hata nikitoka nje, ntamtazamaje usoni."

Miezi saba nilikuwa nikipita mlangoni pake nikimwonea huruma, nikipima kuta, nikigombana madukani, najiona mimi ndiye mlinzi wa nyumba. Kumbe yeye alikuwa amekaa mle kitandani ananionea huruma mimi. Kumbe mgonjwa nilikuwa mimi! Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka siku ya kifo cha baba, maana kile tulikingoja, na hili sikuwahi kuliwaza hata mara moja.

Nikainuka, nikaenda ukutani, nikaanza kuung'oa msumari wa kwanza kwa vidole.

"Unafanya nini?"

"Naitoa, mama. Ntaifua, ntaikunja."

Akasukuma kiti kwa goti, mpaka mbele kabisa, karibu na kitambaa, macho yake yapate kuona. Akakaa. Akamwambia binti mdogo asogeze bakuli. Alimkazia macho bwana harusi kwa muda, uso mzima umemulikwa na rangi za harusi ile.

"Iwache," akasema. "Huna haraka nayo. Tia sauti tusikie."