Watu wa Mdogo Wangu Walilala Nje, Nami Nikashangilia

Kosa ni langu. Msinitafutie mwenzangu wa kulibeba, hayupo. Shetani watu humsingizia mengi, lakini hili sikumsikia hata akininong'oneza. Nililifanya mwenyewe, mchana kweupe, nimekaa kwenye benchi ya kibanda changu, mtaa wa Magarama, nacheka.

Jina langu naomba nilifiche kwa ajili ya watoto wa marehemu. Mimi ni fundi wa viti vya pikipiki hapa Gitega. Navua ngozi iliyochanika, naweka sifongo mpya, nashona. Shule niliiacha mwaka wa sita, kwa hiyo mkiona nimeandika vibaya mnivumilie. Wa kunisahihisha alikuwa mdogo wangu. Nitamwita Jumanne, ingawa si jina lake.

Jumanne alihamia Muyinga alipooa. Alikuwa akifuata maharage kwa wakulima wa Mwakiro na kuyauza sokoni mjini. Kwa mama yetu tulikuwa wawili tu, mimi na yeye.

Mama alipofariki, mimi nilianguka. Sikuumwa ugonjwa wenye jina. Nilifunga kibanda nikawa nakaa kitandani naangalia ukuta. Mke wangu ananiletea chai, inapoa, anaiondoa, analeta nyingine, inapoa tena.

Ndipo Jumanne akaja kutoka Muyinga. Hakunipa pole, maana pole nilikuwa nimepewa hadi zimenichosha. Alichukua simu yangu, akatia mchezo.

"Huu tutacheza we Gitega, mi Muyinga," akasema. "Mi natembeza watu wangu, natuma. We unatembeza wako, unatuma. Hata nikiwa kule Mwakiro kwenye maharage, zamu utaipata."

Mchezo wenyewe ni wa vita vya kubuni. Kuna ramani yenye mto, vilima na vijiji, na kila mmoja ana mfalme wake na jeshi lake. Kuna jeshi la watu walio hai. Na kuna jeshi la wafu: mifupa yenye mapanga, maiti zinazojikokota, mizimu, popo, na bwana mmoja mwenye fimbo anayewafufua. Mimi nikapeleka kidole kwa walio hai. Jumanne akanipiga mkono.

"Oya, kaka! We chukua wafu. Si ndio unawapenda sasa? Walio hai humu nyumbani wanakuita, huitiki!"

Mke wangu alicheka hadi akashika mlango. Na mimi nikacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu mazishi. Nikachukua wafu.

Mwanzoni alinipiga vibaya sana! Nilikuwa nawaonea huruma wafu wangu, nawaficha wasivunjike. Kila zamu aliyotuma ilikuja na maneno yake. "Kaka, mifupa yako nimewapa mbwa." "Kaka, wale jamaa zako wako wanasikia baridi, washonee koti." Nikawa naamka asubuhi kwa hamu ya kusoma kanitukana nini leo. Nikafungua kibanda. Hivyo ndivyo mdogo wangu alivyonitoa kitandani.

Polepole nikajifunza. Acha niwaeleze, maana ujuzi huo ndio uliokuja kunipofusha.

Ukicheza na wafu, usiwahurumie. Maiti zinazojikokota hupatikana kwa bei ndogo, kwa hiyo zitangulize zivunjike, adui achoke kuzikata. Nyuma yake panga mifupa. Mishale na mikuki hupita katikati ya mbavu bila kuwadhuru, lakini ogopa nyundo na moto. Ogopa zaidi waganga wa adui, wale wenye mavazi meupe, kwa sababu mwanga wao huwayeyusha wafu kama mafuta ya mawese juani. Mchana rudi nyuma, kubali kupoteza vijiji. Giza likiingia kwenye ramani wafu hupata nguvu, ndipo utoke. Na pigo la mwisho mwachie bwana wa fimbo, maana anayeuawa na bwana huyo husimama tena, tena upande wako! Adui anapungua, wewe unaongezeka. Wafu hawali, hawachoki, hawana haraka.

Lakini kubwa kuliko yote ni kumjua unayecheza naye. Na Jumanne nilimjua.

Alicheza kama mama alivyotulea. Giza likikaribia kwenye ramani, anawarudisha watu wake wote vijijini, hata kama alikuwa anashinda. Waganga anawaweka katikati. Mfalme anamfungia ngomeni. Mama alikuwa hivyohivyo: adhana ya Magharibi ikikukuta nje, anakufuata na mwiko mkononi, na ugali bado umeshika kwenye mwiko. Muda wote ule sikumkuta Jumanne nje usiku hata mara moja. Ndiyo maana sikuwahi kumshinda.

Msimu wa mvua ulipoanza, maneno yakakatika. Zamu zinakuja, matusi hakuna. Nikamwandikia, "Mbe Jumanne, kwani ulimi umeuza pamoja na maharage?" Hakujibu. Zamu ikaja, tupu.

Nikasema, kanuna. Nilikuwa nimemnyang'anya daraja siku hizo, nikaona limemuuma.

Mke wangu akaniuliza, "Muyinga hawajambo?"

"Hawajambo. Tunaongea kila siku."

"Mnaongea au mnatumiana mifupa? Sauti yake umeisikia lini?"

"We mama, mtu anayecheza ni mzima. Mgonjwa anapata wapi nguvu ya kucheza?"

Akanitazama, akaenda zake kuchambua mchele. Jamani, maneno yangu hayo! Niliamini zamu ikifika ni salamu, ni amahoro, yaani amani, hakuna haja ya kuuliza zaidi.

Halafu mchezo ukabadilika.

Giza liliingia kwenye ramani, watu wa Jumanne wakabaki nje. Nikadhani ni mtego. Nikatuma popo wazunguke, hapakuwa na mtego. Zamu iliyofuata, waganga walikuwa mbele kabisa, ukingoni mwa mto, peke yao. Iliyofuata tena, mfalme mwenyewe katoka ngomeni kasimama darajani, hana hata mlinzi mmoja. Usiku!

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Nilijua. Sitasema sikujua. Mkono wa Jumanne naujua kama ninavyoujua mshono wangu, na kiti nilichoshona mimi nakitambua hata pikipiki ikipita mbio. Moyo uliniambia, huyu si Jumanne. Niliusikia vizuri kabisa. Kidole kilikuwa juu ya kioo cha simu. Ningetoka kwenye mchezo, ningebonyeza namba yake, ingekuwa kazi ya kidole hichohicho!

Lakini nilitaka kushinda. Nilitaka kumshinda mdogo wangu, mara moja tu.

Nikawamaliza waganga kwanza, kama inavyotakiwa. Wakasimama upande wangu. Kisha bwana wa fimbo akampiga mfalme. Mfalme akaanguka, akainuka mifupa mitupu, akawa wangu. Nikapiga kelele hadi dereva aliyekuwa anangoja kiti chake akashtuka, akauliza kama nimechomwa na sindano. Nikaandika:

"Leo umekwisha, sha! Umekufa, na sasa uko wangu!"

Nikatuma. Mungu wangu, nikatuma!

Hakujibu. Na mimi sikujali. Nilishona siku ile nikipiga mluzi.

Haukupita muda mrefu, shemeji akapiga simu. Mke wa Jumanne, nitamwita Zuhura. Nilipoona jina lake nikatabasamu, nikajua mshindwa kamtuma mkewe aombe tucheze tena. Nikapokea nikicheka.

"Shemeji," akasema, "Jumanne amefariki. Tunamzika Alasiri."

Mafuta yalikuwa hayapatikani, magari ya abiria yamelala. Sitajificha nyuma ya mafuta. Nilipata nafasi juu ya lori la ndizi hadi Karusi, kutoka pale nikachukua pikipiki. Nilipofika Muyinga kaburi lilikuwa limefunikwa, udongo mbichi. Kwetu Waislamu maiti haingoji mtu. Uso wake sikuuona.

Niliketi na wanaume barazani, nikapewa chai, nikaishika tu. Watu walipopungua nikaomba kuzungumza na Zuhura. Alikuwa ameshaingia eda, kwa hiyo yeye alikaa mkekani ndani na mimi nje ya mlango, pazia katikati yetu.

"Alianza kuumwa lini?" nikauliza.

"Tangu mvua zinaanza. Ni ini. Tumbo ilijaa maji."

"Na hamkuniambia?"

"Aliniapisha, shemeji. Alisema, 'Kaka alikufa nusu sababu ya mama. Akisikia na mimi, atakufa yote. Usimpigie, na mke wake usimwambie.' Akanishikisha Msahafu. Ningefanya nini?"

"Lakini zamu alikuwa anatuma!"

"Ego, ndiyo, alikuwa ananionyesha. Peleka huyu, rudisha yule, mi nabonyeza. Kila siku ananikumbusha, 'Zuhura, giza iko inakuja, ingiza watu nyumbani.' Kisha akaanza kulala tu, hata kuonyesha hawezi. Akaniambia, 'Cheza mwenyewe, kaka asishtuke.'"

Nilimsikia akivuta pumzi. Aliyoyasema baadaye nayaandika hapa kama alivyoyasema.

"Mi niliapa kwa kinywa, shemeji. Mchezo sikuuapia. Nikasema, nitaacha watu wake nje usiku. Kaka yake ataona. Atasema huyu si Jumanne, atapiga simu, atakuja. Nikawaacha nje. Kimya. Nikawatoa waganga. Kimya. Nikasema bon, sawa, acha nimweke na mfalme darajani, hapo hata kipofu ataona. Mbe hukuona?"

Ningeweza kudanganya. Asingeniona uso.

"Niliona," nikasema.

Hakulia. Hakunitukana. Ingekuwa afadhali anitukane!

Halafu nikauliza nililokuwa naliogopa kuliko yote. "Ujumbe wangu... ulimsomea?"

"Simu ililia akasikia. Akafumbua macho, akauliza, 'Kaka anasema nini?' Shemeji, ile ningemsomea? Nikamwambia, 'Anasema iko njiani. Anakuja.'"

"Akasema nini?"

"Akafurahi. Akaomba nimgeuze aangalie mlango. Basi akabaki anaangalia mlango. Kila anayeingia, anauliza, 'Ni kaka?' Jirani akiingia, 'Ni kaka?' Hata yule wa kuleta maziwa, 'Ni kaka?' Nami namwambia bado, gari zina shida, atafika." Nikamsikia akisogea karibu na pazia. "Sasa we ni mkubwa wetu, niambie. Uongo ule niliomwambia mtu anayekufa, ni dhambi yangu?"

Mimi si shehe. Mambo ya dhambi siyajui sana. Lakini lile nililijua.

"Si yako," nikamwambia. "Ni yangu."

"Haya," akasema. Nikasikia mkeka ukilia, akigeukia upande mwingine.

Nimerudi Magarama. Nashona. Madereva wanasema siku hizi siongei, na kweli siongei. Mke wangu nilimweleza yote, hata ile furaha yangu sikumficha. Hakusema "nilikuambia." Angesema, ningepumua kidogo.

Mchezo ule sijaufungua tena. Ah, nilikuwa hodari wa kufufua, mimi! Nilijua namna ya kumsimamisha kila aliyeanguka. Na mdogo wangu aliye hai, aliyenitoa kitandani kwa mkono wake, nilishindwa hata kumpigia simu.

Ninyi mnaosoma, hamnijui na sitaki mnijue. Lakini nichukueni mimi kuwa funzo. Sisi watu wa huku tuna aibu ya kusema naumwa. Ukimuuliza mtu hali, atakujibu amahoro, na anakujibu akiwa amelazwa. Msiishie kwenye jibu. Ndugu yako aliyekuwa akikutania akinyamaza, usiseme kanuna. Na yule ambaye hamjawahi kumshinda akianza kushindwa ghafla, kwenye mchezo, kwenye biashara, hata kwenye mabishano ya mezani, msishangilie! Ulizeni kuna nini.

Pigeni simu, na msikubali kujibiwa na mwingine. Daini sauti yake mwenyewe. Kisha nendeni. Msiseme mafuta hayapo, msiseme magari yana shida. Mimi siku ya mazishi nilipata lori. Na yule mwenye lori aliniambia njiani, bila kujua ananiambia nini, kwamba hupita njia ile kila siku.