Rido ya Bafta na Mkwe wa Mama

Harufu ya blanketi lililoning'inia mlangoni mwa chumba cha mama bado ninayo puani: moshi wa kuni, maganda ya maharagwe na vumbi la kiangazi. Lilikuwa la kijivu, zito kama ngozi ya ng'ombe, nasi tuliliita rido, kama watu wote wa Nyabiondo wanavyoita pazia, liwe la hariri au la gunia. Wakati wa mvua lilitufaa, maana baridi ya milima ya Masisi haina mzaha. Miezi ya jua ilipoingia, chumba kile kiligeuka tanuri. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, mimi mtoto wa miaka kama tisa, na nasema bila haya kwamba kichwa changu kilikuwa tayari kimewazidi wengi. Shule niliiacha mapema, ilikuwa inanichelewesha.

Kiangazi hicho dada yangu Venansia alichumbiwa na kijana wa Walikale, mtoto wa wawindaji wa msituni, na siku ya wao kuja kwetu ikapangwa. Sasa, kwetu kulikuwa na desturi isiyochezewa: mama mkwe na mkwe hawaonani. Kijana akimwona mama wa mchumba wake, hata bega tu, ni aibu ya koo mbili. Wageni huinuka, chakula hubaki, na uchumba hulala mpaka wazee wakae upya. Kwa hiyo mama alitakiwa ashinde chumbani nyuma ya lile blanketi, mchana kutwa, na kifua chake kilikuwa kibovu.

"Mutanikuta nimekufa humu," alimwambia baba. "Nataka rido ya mwepesi."

"Na mukwe akikuona?"

"Akiona maiti, njo itakuwa muzuri?"

Baba alicheka bila kupenda, tukaenda wote watatu kwenye duka la vitambaa kule Masisi. Pale ndipo nilipoiona kazi inayonilisha mpaka leo. Mama alichagua kwa pua: kila kitambaa alikiweka usoni, akavuta pumzi, akakirudisha. Amerikani, hapana. Kitenge, hapana. Ilipofika bafta nyeupe yenye maua madogo ya buluu, ikapanda na kushuka juu ya midomo yake, naye akafumba macho kama mtu aliyefika mtoni. Baba yeye alichagua kwa mkono. Alipitisha vidole nyuma ya bafta, akaviona vyote.

"Mama Venansia, hii iko chandarua!"

"Chandarua inapitisha hewa, Papa Venansia."

Tukarudi na bafta. Kosa tuliligundua asubuhi ya wageni, wakati nyimbo zao zilikuwa zimeshaanza kusikika kilimani. Mama aliingia chumbani, akaketi, na jua la dirisha la nyuma likampiga mgongoni. Basi akatokea mzima juu ya bafta, kilemba chake, pua yake, hata ungo wa maharagwe mapajani.

"Yooo!" shangazi aliyekuja kutusaidia kupika alipiga kelele. "Mama yote iko inje!"

Baba alikimbilia blanketi. Blanketi lilikuwa majanini, limelowa chepechepe. Mama alikuwa amelifua alfajiri, na sitaapa kwamba ilikuwa bahati mbaya. Venansia alianza kulia. Hapo nikafikiri peke yangu, watu wazima wote wamesimama tu. Nilikuwa nimecheza chumbani humo siku mbili, nikaona kwamba jua likishahama dirishani na mlango wa mbele ukiwa wazi, mimi wa ndani naona kuku wa uani vizuri, na wa nje hanioni.

"Papa, rido haina kosa! Dirisha njo iko na kosa!"

Niling'oa kirago cha matete kitandani, nikakifunga dirishani, kisha nikafungua mlango wa mbele mpaka mwisho. Bafta ikawa nyeupe kama ukuta. Hewa iliendelea kupenya katikati ya matete, maua yakawa yanapanda na kushuka taratibu.

"Huyu mutoto iko mulozi ao fundi?" shangazi akauliza.

"Fundi," nikajibu.

Kijana aliketi akiielekea bafta, akaona maua tu. Alikula, wazee wakaafikiana, na kifua cha mama hakikukohoa hata mara moja. Walipokwisha kuondoka, mama akatoka, akamnong'oneza Venansia, "Masikio yake iko makubwa. Lakini alipopewa nyama, alikatia watoto kwanza. Enda naye, mutoto wangu."

Baba akashtuka. "Ulimuona?"

"Mie? Desturi inakataza."

Leo nina duka la mapazia mjini, na saloni, yaani sebule, nzurinzuri za huku nimezivisha mimi. Wateja huja na rangi kichwani. Mimi nawauliza kwanza dirisha liko wapi. Siku hizi mkwe na mama mkwe hukaa kiti kimoja, wakigombania hata mto wa kuegemea, na sioni ubaya. Mama amezeeka, anaishi kwangu, na mlangoni kwake naning'iniza bafta ya maua ya buluu kila kiangazi. Mume wa Venansia, ambaye sasa ana mvi, akija humsalimu kupitia kitambaa. Mwaka huu nilimwambia mama dunia imebadilika, atoke tu wasalimiane uso kwa uso.

"Acha, fundi wangu," akasema. "Huku namuona muzuri. Masikio yake ingali inakua."