Korja ya Boriti na Moli ya Chumvi

Jumanne, tarehe kumi na nne. Manyunyu tangu alfajiri.

Jana binti yangu Rukia aliandika katika zoezi lake la kemia kwamba moli moja ya maji ni gramu kumi na nane, na ya chumvi ni hamsini na nane na nusu. Nikamwambia, "Moja ni moja, mwanangu. Futa, uzani uwe sawa." Akafuta kwa kuniheshimu. Leo kapata sufuri, nami nikafunga ghala nikaenda kumgombeza mwalimu wake mbele ya darasa.

Mwalimu hakupandisha sauti, haki yake niiseme.

"Baba Rukia, wauza nini?"

"Boriti na fito, kwa korja. Ishirini ishirini."

"Korja ya boriti na korja ya fito, uzani mmoja?"

"La! Boriti ni nzito."

"Basi moli nayo ni idadi tu, ya vitu vidogo mno. Kila kitu na uzani wake."

Darasa likacheka. Mwalimu akainua karatasi. "Jibu sahihi laonekana hapa, limefutwa. Nani alikufutisha, Rukia?"

"Nilifuta mwenyewe, mwalimu."

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze.

"Ni mimi," nikasema.

Jioni tumekula mikate ya mofa na samaki wa kupaka. Rukia kaniwekea mimi kichwa, fungu la mkubwa wa nyumba, kama kawaida.