Matundu Kumi Kwenye Boksi

Saa moja asubuhi, Jumanne. Fundi amechuchumaa mbele ya gari lililofunguliwa boneti, na mkononi hana spana. Ana msumari na kipande cha boksi. Anatoboa. Tundu la kwanza, la pili, la tatu, mpaka yanafika kumi, yamepangwa vilevile kama bolti za silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini.

"Kila bolti nikiitoa naichomeka kwenye tundu lake," anasema bila kuinua macho. "Isije ikanichezea."

Gereji nzima inamwita Mama Taratibu. Ana miaka kumi na tisa kwenye kazi hii, injini alizofungua hazihesabiki, na bado, jamani, leo anahesabu matundu mara mbili! Gari hili ni la mama mkwe wake.

Wala si la matembezi. Figo za baba mkwe zimegoma. Kila Jumatatu na Alhamisi lazima afike hospitali, kilomita sitini, akasafishwe damu. Kukaa wima hawezi, kwa hiyo kiti cha mbele kimeng'olewa, pamewekwa kigodoro. Dereva ni mama mkwe mwenyewe, miaka sitini na minane.

Sasa injini imechoka. Kila safari inakula lita nzima ya oili na kutema moshi wa bluu. Wiki iliyopita ilizimika mlimani, dakika arobaini, mzee amelala ndani anahesabu nguzo za umeme.

"Alhamisi saa tisa wakirudi, nafungua," fundi anataja mpango wake mbiombio, kama anakariri namba ya simu. "Ijumaa vyuma vinakwenda kwa mchonga vyuma, avisawazishe. Jumamosi nafunga. Jumapili nawasha. Jumatatu alfajiri wako barabarani."

Anafuta jasho, na jua lenyewe bado halijachoma.

"Injini huijui mpaka uifungue. Na ukishafungua, hakuna kusema samahani, nimekosea mlango."

Miaka saba iliyopita alimaliza kufunga injini ya mteja, akabaki na bolti moja mkononi. Akajiambia ni ya ziada. Siku ya pili gari likafa njiani. "Yule baba hata hakunifokea. Alilivuta tu gari lake, akaenda. Angenitukana ningelala."

Ndiyo maana ya boksi.

Saa tatu mama mkwe anaingia na chupa ya chai. Anamtazama mkwewe, anatazama matundu.

"Tangu alfajiri unatoboa makaratasi! Mwanangu aliniambia anaoa mke, kumbe kaoa gereji."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Si uongeze tu oili nzito, mambo yaishe?"

"Mama, hiyo ni kumpa mgonjwa peremende. Itazima tena, na safari ijayo huenda isiwake."

Mama mkwe anavuta miwani, anasoma mpango ulioandikwa pembeni mwa boksi, siku kwa siku. Kidole kinafika chini, kinasimama.

"Na ikishindikana? Mbona hapa hujaandika kitu?"

Fundi anatazama matundu yake. Kila bolti ina tundu lake. Mzee hakupangiwa gari jingine la kumlaza.

"Sikuthubutu kuandika, mama."

"Basi andika. Usipoandika ndiyo haitatokea?"

Mchana huohuo wanakwenda kwa jirani mwoka mikate. Anakubali kuwaachia gari lake la kusambazia, Jumatatu hiyo moja tu. Jumatano wanalijaribu. Kigodoro kinaingia, mzee analazwa katikati ya harufu ya mkate.

"Mkifika mkakuta nimeiva," anasema, "msinipake siagi!"

Wote wanacheka. Fundi anacheka wa mwisho, tena nusu.

Alhamisi, saa tisa na dakika ishirini, gari linaingia linafuka moshi. Mzee anashushwa. Injini inaachwa ipoe. Mama mkwe anavuta ndoo, anaigeuza, anakaa juu yake. Haondoki.

Fundi analegeza bolti zote kidogo kidogo, akianzia pembeni. Ya kwanza inatoka. Anaifuta, anaichomeka kwenye tundu namba moja.

"Matumaini yangu ni Jumatatu," anasema. "Nikilishika hili boksi asubuhi, nilikute tupu. Matundu yote kumi."

"Hesabu kwa sauti," anasema mama mkwe kutoka kwenye ndoo. "Na mimi nisikie."

"Moja, mama."