Swali la Nne Nililomjazia Mwalimu

Kabla sijamwona Mkuu wa Kitengo, nilisikia muhuri wake ukigonga meza nyuma ya mlango: dum, kimya kirefu, dum. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, nami nilidhani anapitisha mikataba. Nilipoingia nikakuta karibu yote imegongwa neno moja: IRUDISHWE.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mlingoti? Ofisi hii hatumsimamii mgeni, hata awe waziri. Keti, uliza, andika anachojibu."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu pale chuoni Dodoma. Kampuni ikitaka kufanya utafiti na wahadhiri wetu, sisi tulipima kama utafiti huo unaweza kuidhuru nchi. Tuliuliza mmiliki wa mwisho ni nani, maana jina lililo kwenye barua si lazima liwe la mwenye kampuni. Tuliuliza kama matokeo yana matumizi mawili, kwani kifaa kinachopiga picha mashamba kinaweza kupiga picha kambi. Mama alilipenda zaidi swali la nne: data ghafi, yaani vipimo vyenyewe kabla ya kuchambuliwa, vitakaa wapi, na nani mwingine atakuwa na nakala? Mtafiti alilijibu kwa mdomo, mbele yetu, sisi tukiandika.

Mwaka wangu wa sita, Mama akiwa likizo, aliingia Profesa aliyenifundisha jiolojia. Kampuni ya kigeni ingemsaidia kupima maji ya chini ya ardhi, kuanzia visima vinavyolisha mji wa serikali hadi kijijini kwao Busi. Huko ingewachimbia watu visima vitatu. Nilisimama. Nikampa kiti changu, nikajaza fomu juu ya kabati la majalada.

Kumuuliza Mwalimu nani atakuwa na nakala niliona ni kama kumpekua mifuko. Nikamjazia: "Chuo peke yake." Akasaini bila kusoma. Aliniamini.

Vilipita viangazi viwili kabla hatujagundua kwamba kina cha kila kisima na njia ya kila bomba vilikwenda kwa kampuni siku ileile vilipopimwa. Na kampuni ilikuwa imeshauzwa kwa watu tusiowajua. Anayejua mji unakunywa wapi anajua pa kuukaba, na data ikishatoka haiitwi ikarudi.

Kamati ikauliza nani alijibu swali la nne. Mwandiko ulikuwa wangu. Profesa aliutazama, akanitazama mimi, kisha akasema, "Saini ni yangu."

Nikaiacha kamati iandike jina lake.

Alifungiwa utafiti. Busi hawakuchimbiwa hata kisima kimoja. Mimi nilipandishwa cheo, nikarithi muhuri wa Mama. Sasa nimestaafu, naishi Ipagala, hapahapa Dodoma, na bomba la uani likikoroma bila maji, naukumbuka mwandiko wangu. Ninyi vijana mtafundishwa kuwachunguza wageni. Wageni sisi tuliwauliza yote. Hatukumuuliza mtu wetu.

Kabla sijastaafu, Profesa alirudi ofisini mara moja tu, kuchukua daftari lake la uwandani lililokuwa limebaki kwenye jalada letu. Nikainuka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ungeniuliza, ningekwambia. Nakala walikuwa nazo tangu mwanzo. Sikujua kama ni jambo."

"Nilikuheshimu, Mwalimu."

"Najua, mwanangu. Na Busi bado wanafukua mchanga wa korongo wapate maji." Akalitia daftari kwapani. "Haya, keti. Kazi yako hufanywa umekaa."

Akatoka. Mlango ulipofungwa nyuma yake, nilikuwa bado nimesimama.