Mkono Ndani ya Kanga

Mama yangu hakupata kumwona baba yake. Alikuwa Mngereza, bwana mkubwa wa serikali kule Unguja, na mama alipozaliwa yeye keshahamishwa. Kama alimuoa bibi au hakumuoa, hakuna ajuaye. Hapa Maskati mtu huulizwa ukoo wake kabla hajamaliza kahawa, basi macho ya kijani ya mama tukayatafutia babu wa Kituruki. Huyo Mturuki tumemlea miaka yote, na hakuwapo!

Kisha mimi, kwa kiherehere changu, nikapeleka mate yangu kupimwa nasaba. Akapatikana mjukuu wa kiume wa yule bwana huko Ungereza, mtoto wa kaka yake mama kwa baba. Akaniandikia kuwa kwao wote humwambia amefanana na babu yake sura moja, na kwamba atakuja.

"Nnataka kuuona huo uso tu," mama akasema. "Sina haja ya kingine mie."

Kaka yangu, anayekaa na mama mtaa wa Ansab, alinipigia simu anafoka. Binti yake keshaposwa na watu wa kabila kubwa. "We una wazimu? Watatuonaje?" Tukakubaliana, Mungu atusamehe, kwamba mgeni aje kama rafiki yake wa kazini.

Nikenda kumchukua hotelini, Bustan. Akanipa mkono, nikaupokea bila ya kufikiri. Tunafika nyumbani, lahaula! Wakwe wale wamekuja bila ya taarifa, mume na mke, wamekaa majilisi, chumba cha wageni.

"Huyu rafiki yangu wa kazini," kaka akawahi kusema. Nami nikashika sahani ya halua. Mgeni hajui Kiarabu wala Kiswahili, anachekacheka tu maskini.

Mama akaingia. Alimtazama uso mpaka akasahau kutoa salamu. Mgeni akanyanyuka, akanyoosha mkono. Mama ni shangazi yake, maharimu wake, angeweza kumkumbatia. Lakini mbele ya wakwe yule alikuwa mwanamume wa kando. Mama akauzungushia mkono wake upindo wa kanga, kama wafanyavyo wazee wetu kwa mtu baki, ndipo akampa. Akamshika, hamwachi.

"Maashallah," akasema mama mkwe, "bibi ana stara."

Kaka akatabasamu, akamimina kahawa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwanamke mzima, mtoto wa tumbo lake, nimekaa nawakaribisha watu halua!

Walipoondoka wote nilimkuta mama pale pale, mkono ungali umefungwa.

"Umeuona uso, mama?"

"Nimeuona, alhamdulillahi. Mwanangu, wewe ulimpa mkono kule hotelini, eti?"

"Nilimpa."

"Mtupu?"

"Mtupu, mama."

"Hebu nambie," akasema, "ana mkono wa moto, au wa baridi?"